Baba mkwe anamwambia daktari “ndiyo”, dawa zinajaa kwenye begi

SWALI

Shikamoo mama. Pole na kazi ya kusoma mizigo yetu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole hapa Mbeya. Kwetu ni Njombe ila nimeolewa na Mnyakyusa wa Rungwe. Mume wangu ni dereva wa lori, anapiga ruti ya Tunduma na Dar es Salaam, kwa hiyo mambo mengi ya nyumbani yananiangukia mimi. Hili la baba yake nalo limeniangukia.

Baba mkwe ana miaka sabini na kitu na ana presha. Tarehe yake ya kliniki ikifika anapanda kosta alfajiri kutoka Kiwira, anashuka Uyole, nampokea, tunakwenda wote hospitali moja kubwa hapa mjini. Shida inaanzia hapo. Wewe unajua, kwa wenzetu hawa mkwe na baba mkwe hawazoeani. Siku hizi mambo yamelegea, ananisalimia na chakula changu anakula, lakini kukaa naye chumba kimoja huku anaeleza habari za mwili wake, hilo halipo. Kwenye daladala yeye anakaa mbele kwa dereva, mimi siti ya nyuma. Kwenye benchi la kliniki yeye yuko mwanzo, mimi mwisho. Akiitwa jina anaingia peke yake, mimi nabaki nje nimeshika mwavuli wake.

Hakai sana humo. Akitoka ana karatasi, tunaenda dirisha la dawa, tunachukua, tunarudi. Nikimuuliza kwa adabu, “Baba, daktari amesemaje?” ananijibu, “Amesema vizuri.” Basi. Jioni mume wangu anapiga simu yuko Makambako anataka kujua daktari amesemaje, mawifi wanauliza kwenye kundi la WhatsApp, mimi sina cha kujibu. Wifi mkubwa aliwahi kuniandikia mbele ya wote, “Sasa wewe huwa unaenda kufanya nini?”

Safari iliyopita mlango haukufungwa vizuri, nikasikia. Daktari mwenyewe ni kijana, kwa lafudhi si mtu wa huku. Akauliza, “Mzee, dawa unatumia vizuri?” Baba akajibu, “Ndiyo daktari.” “Hakuna shida yoyote?” “Hakuna kabisa, ndaga fijo,” yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Muda wote huo kijana anachapa kwenye kompyuta. Halafu akasema presha bado iko juu, nakuongezea dawa nyingine. Baba akashukuru, akatoka.

Sasa mama, dawa zenyewe hanywi. Siku hiyo foleni ilichelewa akalala kwetu. Asubuhi alimtuma mwanangu wa darasa la tatu amletee miwani kwenye begi, mtoto akanijia jikoni ananinong’oneza kwamba begi la babu ni duka la dawa. Nikaenda kuchungulia, Mungu anisamehe. Kuna bahasha za tangu mwaka jana, nyingine hazijafunguliwa, na chupa ya soda ina maji meusi ya mizizi. Mtoto na babu yake ni watani, wanaambiana kila kitu, akamuuliza mbona hunywi dawa zako. Babu akamjibu ukweli ambao hajamwambia mtu mwingine: kuna kidonge kimoja kinamwamsha usiku mara nne, mara tano kwenda kukojoa, choo kiko nje, na baridi ya Rungwe unaijua. Siku ya safari ndiyo hakigusi kabisa, maana kosta haikusubiri ukajisaidie.

Nilimweleza mume wangu, akawaka. Anasema kosa ni la daktari, dakika tatu tu, hata usoni hamtazami mzee, tumhamishie hospitali binafsi na huyu kijana tumshtaki. Wifi anasema nimsimamie baba ameze zote mbele ya macho yangu. Mimi nafikiria kumfuata daktari kisirisiri nimweleze. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimemsema baba mkwe, na akijua sitaweza tena kumpelekea hata maji ya kunawa. Tarehe ya kurudi ni mwezi ujao. Nifanyeje?

Mkwe, Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na hatari, mila zitasubiri kidogo. Hilo la wifi yako, la kumsimamia mzee ameze dawa zote mbele yako, usilifanye. Tazama kilichotokea chumba kile. Tuseme daktari alikuta presha 170 kwa 100. Akauliza kama dawa zinatumika, akaambiwa ndiyo. Kwa hesabu zake dawa ya kwanza imeshindwa kazi, kwa hiyo akaweka ya pili juu yake. Hapo hakukosea, ndivyo alivyofundishwa. Lakini sasa mzee ana mlundikano wa dawa uliopangwa kwa ajili ya mtu ambaye amekuwa akimeza kila siku, na yeye si mtu huyo. Ukimkalisha leo akazimeza zote kwa mkupuo, presha inaweza kuporomoka. Anainuka kitini, kizunguzungu, yuko chini, na nyonga ya mzee wa umri ule ikivunjika ni msiba mwingine kabisa.

Kwa hiyo msisubiri mwezi ujao. Kurudi kliniki kabla ya tarehe kwa sababu ya tatizo la dawa si kosa, na mapokezi mtasema hivyo hivyo: “Kuna tatizo la dawa.” Kabla ya hapo asianze upya wala asichanganye kitu kwa kubahatisha. Na wote mnaokaa naye, huku na kijijini, mjue hili: mdomo ukipinda ghafla, mkono au mguu upande mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakianza kutoka yamevurugika, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa tuje kwenye hiyo “ndiyo”.

Nimekuwa nesi Iringa na Mbeya mpaka nikastaafu, na “ndiyo daktari” za wazee wetu nimezisikia mpaka nikaota nazo. Mzee anaposema ndiyo kwa mtu aliyemhudumia, mara nyingi hajibu swali. Anaonyesha heshima. Amelelewa kwamba mtu akikutendea jambo, humrudishii malalamiko usoni. Tena swali lenyewe lilikuja limeshajibiwa. “Hakuna shida yoyote?” Mzee mwenye adabu atasema nini zaidi ya hakuna? Aanze kubishana? Ongeza kwamba muulizaji ni wa umri wa mjukuu wake, macho yako kwenye kompyuta, mlango uko wazi kiasi kwamba mkwe wake anasikia kutoka kwenye benchi, halafu jambo lenyewe ni mkojo. Mimi ningekuwa yeye ningesema ndiyo mara mbili.

Ndiyo maana simpi mumeo haki yote, ingawa simnyimi yote. Kijana yule alitakiwa kuinua macho. Mifumo hii ya kompyuta imesaidia sana faili zisipotee, lakini imewapa madaktari kitu kingine cha kutazama badala ya mgonjwa. Na kumkatiza mgonjwa si ugonjwa wa Mbeya peke yake. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha walichokikuta baada ya kurekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa: kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Sekunde 18! Mzee wa Rungwe hapo hajamaliza hata kukuuliza umeamkaje na watoto hawajambo. Daktari naye ana hofu yake, kwamba akimwachia mzee aongee watafika saa tisa bado wako kwenye habari za migomba. Lakini Uswisi walijaribu, mwaka 2002 wakachapisha: daktari akinyamaza tu, wagonjwa kwa wastani walimaliza wenyewe kwa dakika moja na nusu hivi, na wengi wao hawakufikisha mbili. Madaktari wanaosoma safu hii, na najua mpo maana mnaniandikiaga, jaribuni hata kwa mgonjwa wa kwanza wa asubuhi. Na lile swali la “umeelewa mzee?” liacheni. Mwambieni, “Mzee, hebu nionyeshe, ukifika nyumbani hiki utakinywa saa ngapi?” Hapo mtajua.

Kushtaki ni jambo jingine. Baraza la Madaktari Tanganyika lipo, linafanya kazi kwa sheria ya mwaka 2017, na mtu aliyetendewa vibaya ana haki ya kwenda huko. Ila mumeo aende kusema nini? Kwamba daktari aliuliza, akajibiwa, akaamini? Kama kinachomkera ni kutotazamwa, alipeleke kwa mganga mfawidhi wa hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii, watalisikia na linaweza kurekebishika bila vita. Na hospitali binafsi? Huko mzee ataulizwa swali lile lile, atajibu ndiyo ile ile, tofauti ni kwamba mtakuwa mmelipia zaidi. Mkiamua kuhama kwa sababu nyingine sawa, lakini nendeni na kumbukumbu zake zote, msiende mikono mitupu mkaanza moja.

Wazo lako la kumfuata daktari kisirisiri nalielewa, na kwa upande wake halina tatizo. Daktari anaruhusiwa kukusikiliza, asichoruhusiwa ni kukupa wewe habari za mgonjwa wake bila mgonjwa kukubali. Tatizo ni kitakachofuata. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja: ndugu anaenda kunong’ona, daktari anafurahi kupata ukweli, mgonjwa akiingia anapokelewa na, “Mzee, mkwe wako ameniambia dawa hunywi!” Hakukusudia ubaya. Lakini hapo wewe na baba mkwe mmekwisha, na daktari naye amekwisha, maana mzee hatamwamini tena.

Acha begi liseme.

Mumeo, na iwe mumeo, si wewe, ampigie baba yake akiwa amepaki, asimpigie yuko kwenye usukani na makelele. Asimuulize kwa nini hanywi dawa. Asimtaje mtoto hata kwa bahati mbaya, utani wa babu na mjukuu ni mali ya thamani, msiuharibu kwa jambo hili. Amwambie hivi tu: “Baba, safari hii twende na dawa zote ulizonazo, za zamani na za juzi, na za kienyeji pia, wazitazame wapange upya.” Si uongo. Kliniki wanapenda kuona dawa zote, na wengi hawaletewi. Bahasha zikimwagwa mezani, nyingine zimebandikwa tarehe ya mwaka jana na gundi haijaguswa, hakuna haja ya mtu kumsema mtu. Daktari anaona kwa macho, na mzee hajalazimika kukiri mbele ya kijana. Anaweza hata kusema zilimsahaulika. Mwacheni aseme hivyo.

Ile chupa ya mizizi nayo iende. Msimwage, msimkemee. Kuna mizizi inayoshusha presha yenyewe, kuna inayogombana na vidonge, na daktari asiyejua kama ipo anatibu gizani. Kama daktari atafoka kuhusu mizizi, afoke, muhimu ajue.

Nani aingie naye? Wewe hapana, na usijilaumu. Hiyo si woga wala ushamba, ni heshima ya nyumba uliyoolewa, na ukiilazimisha mzee atafunga mdomo zaidi. Mtoto pia hapana. Najua ndiye anayeambiwa ukweli, lakini wa darasa la tatu habebeshwi dozi za babu yake. Angalieni mwanaume: shemeji yako kama yupo, au rika la mzee huko Kiwira, maana siku hizi hukosi kijijini mzee mwingine anayehudhuria kliniki ya presha. Wazee wawili wakienda pamoja wanaambiana mambo kwenye kosta ambayo sisi tungewahoji mwaka mzima. Na kama hakuna mwanaume, wifi mkubwa yupo. Yeye ni binti yake wa kumzaa, anaweza kuingia. Kwa kuwa anauliza wewe huwa unaenda kufanya nini, mtumie tarehe na nauli ya basi, aje aone.

Halafu kuna mtu ambaye watu wengi mnampita bila kumtumia: nesi wa meza ya presha. Kabla ya kumwona daktari mzee anapimwa pale. Mara nyingi ni mama mtu mzima, pengine anaongea Kinyakyusa, na anachoandika kwenye faili daktari anakisoma. Wahi wewe kabla foleni haijajaa, umwambie taratibu: “Yule pale ni baba mkwe wangu, siwezi kuingia naye. Amekuja na dawa zake zote. Kuna moja inamsumbua, naomba mumuulize.” Hutahitaji kueleza kwa nini huwezi kuingia, nesi aliyekaa nyanda hizi anaelewa. Na kusema “kuna inayomsumbua” si sawa na kusema “hanywi”. La kwanza ni kumwombea, la pili ni kumshtaki.

Kuhusu kupimwa kwenyewe, hapa nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo kwenye barua yako ambalo naona hata daktari hajaliona. Umesema siku ya safari mzee hakigusi kidonge. Maana yake ni kwamba presha inayopimwa kliniki, kila mara, ni presha ya siku ambayo hajameza. Hata kama siku nyingine zote angekuwa mwaminifu, namba ya hospitali ingetoka juu na angeongezewa. Tena anafika ametoka kwenye kosta tangu alfajiri, amebana mkojo, amesikia baridi, ametembea harakaharaka kuwahi foleni. Mkojo uliobanwa peke yake unapandisha presha, na baridi vivyo hivyo. Kwa hiyo akishuka Uyole apate choo kwanza. Pale kliniki aende tena kabla ya kupimwa, akae ametulia dakika tano, miguu chini bila kuikunja, mgongo umeegemea, asiongee wakati mashine inapima. Na nesi aambiwe kwamba leo hajameza dawa kwa sababu ya safari. Sentensi hiyo moja inaweza kumwokoa na kidonge cha tatu.

Akiingia kwa daktari, mzee anahitaji kusema kitu kimoja, na akiseme mwanzo, kabla ya kuulizwa lolote. Wazee wetu wana tabia ya kuhifadhi jambo kubwa mpaka wameshika kitasa cha mlango wanatoka, na hapo daktari ameshaita mwingine. Mumeo amfundishe kwenye simu, warudierudie: “Daktari, kuna kidonge kinaniamsha usiku kukojoa.” Basi, hahitaji hotuba. Ukisema hilo, daktari mwenyewe ataanza kuuliza: ni kipi, unakinywa saa ngapi, unaamka mara ngapi.

Mimi bila kukiona kidonge sitakutajia jina, lakini katika dawa za presha yapo makundi ya vidonge vya kutoa maji mwilini, na kazi yake ndiyo hiyo, kukojoza. Kwa kawaida vinamezwa asubuhi ili usiku mtu alale. Itazame bahasha: kama imeandikwa “1x1” tu, mzee amesoma kwamba ni kimoja kwa siku, na yeye akachagua jioni, baada ya chakula, kama anavyokunywa dawa nyingine zote tangu ujana. Nani alimwambia asubuhi? Pale dirisha la dawa mtu anapewa bahasha tano kwa pumzi moja. Ombeni waandike kwa maneno, “asubuhi”, kalamu haichukui muda. Na hilo la siku ya safari aliulize pia, kwamba je, anaweza kukinywa akishafika. Huenda jibu likawa rahisi kuliko mlivyodhani, au daktari akambadilishia aina isiyokojoza kabisa, zipo.

Lakini msifanye haraka ya kukilaumu kidonge peke yake. Umesema anaamka mara nne, tano. Zile siku asizokinywa je? Kama anaamka vilevile, basi si kidonge, na daktari lazima ajue. Kwa mwanaume wa umri ule inaweza kuwa tezi dume imekua, inaweza kuwa sukari, na vyote vinapimika na vina tiba. Hii ndiyo sababu naisumbukia ile “ndiyo” kuliko hata presha yenyewe. Inaweza kuwa imefunika ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyeuuliza.

Atakayeingia naye awe na daftari dogo. Dawa ipi imebaki, ipi imeondolewa, saa ya kila moja, tarehe ya kurudi. Kabla hawajatoka mzee amrudishie daktari kwa kinywa chake mwenyewe alivyosikia. Akikosea, hapo ndipo pa kukosea. Zile dawa zilizoondolewa ziachwe hospitali, zisirudi kwenye begi. Mawifi kwenye WhatsApp mtawatumia picha ya ukurasa huo kama mzee amekubali, na asipokubali watajua kwamba baba yao yuko hai na anajua kukataa.

Na kwamba ulichungulia begi, sawa, umeshachungulia. Usilirudie.

Limebaki moja dogo. Kuamka usiku kwenda choo cha nje, gizani, kwenye tope la Rungwe, na mwili una dawa za presha, hapo ndipo wazee wengi wanapoanguka. Mzee apate ndoo yenye mfuniko chumbani na tochi ya kuchaji karibu na mto, na akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo asimame. Tochi unaweza kununua wewe. Ndoo anunue mumeo.